UZI: Maili Kumi za Mwambao. Mombasa iliingiaje ndani ya Kenya, karatasi kwa karatasi

#1 BinKibokoni

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Kila Disemba ikikaribia mjadala huu hurudi. Mmoja husema Mwambao uliuzwa, mwingine husema hapakuwa na Mwambao, ni Kenya tangu jadi. Naomba safari hii tuanze na karatasi zenyewe, maana mji wa bandari kama Mombasa ulitawaliwa kwa mikataba kabla haujatawaliwa kwa kura.

Ya kwanza ni ya 1886. Waingereza na Wajerumani walikaa wakagawana bara, wakamwachia Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, visiwa pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi za baharini, kuanzia ghuba ya Tungi kusini hadi Kipini kaskazini. Kipimo kilianzia pale maji makuu yanapofika ufukweni. Angalieni jambo hili vizuri: ni mstari uliochorwa na watu wasiouliza nani analima wapi. Shamba la Mgiriama lingeweza kuwa nusu ndani ya maili kumi na nusu nje.

Ya pili ni ya tarehe 14 Disemba 1895. Sultani Hamed bin Thuwaini aliwapa Waingereza uendeshaji wa ukanda huo, upande wa leo wa Kenya. Malipo yalikuwa pauni 11,000 kwa mwaka, pamoja na riba ya asilimia 3 juu ya pauni 200,000, ambayo ni pauni 6,000. Jumla 17,000. Enzi ilibaki kwa Sultani, ndiyo maana bendera yake nyekundu iliendelea kupepea Ngome ya Yesu kwa miaka 68 zaidi. Kilichokodishwa ni utawala, ardhi haikuuzwa.

Ya tatu ni ya 1920. Bara likatangazwa Koloni la Kenya, pwani ikabaki Himaya ya Kenya. Gavana mmoja, sheria karibu zile zile, lakini kisheria nchi mbili. Aliyezaliwa Nakuru alizaliwa katika milki ya Mwingereza. Aliyezaliwa Kibokoni alizaliwa katika ardhi ya Sultani iliyo chini ya ulinzi wa Mwingereza.

Ya nne ni ya Oktoba 1963. Tarehe 5, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walibadilishana barua. Tarehe 8, mkataba ukatiwa saini London na enzi ya Sultani juu ya ukanda ikafutwa siku Kenya itakapopata uhuru. Barua zile zina ahadi tano: uhuru wa dini, mahakama za kadhi kudumu, Kiarabu kuendelea kufundishwa kwa watoto wa Kiislamu, maofisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi wawe Waislamu kadiri inavyowezekana, na hati za umiliki wa ardhi pwani kutambuliwa.

Hoja yangu ni kwamba Mombasa iliishi na watu wa kila namna, Waswahili wa Thenashara Taifa (mataifa kumi na mawili ya mji), Wamijikenda, Wahadhrami, Mabaluchi, Mabohora, Wagoa, kwa sababu sheria yenyewe ilikuwa na tabaka. Liwali (mtawala wa mji), mudiri (aliye chini yake), kadhi, hakimu wa Kizungu, kila mmoja na watu wake. Utaifa ulipokuja ulitaka tabaka moja. Hapo ndipo mji ulipobanwa.

#2 KayaRabai

BinKibokoni, heshima yako. Kazi nzuri, lakini umeiruka karatasi nzito kuliko zote nne: Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908.

Ilivyofanya kazi ni hivi. Serikali ilitaka kujua ardhi ipi ya mtu binafsi na ipi inaweza kuchukuliwa. Ikamweka msajili wa hati, ikatangaza eneo kwa eneo, na kila mwenye dai akatakiwa kulipeleka ndani ya muda uliowekwa. Dai likikubaliwa, unapata hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza.

Sasa tazama nani aliweza kudai. Alihitajika mtu binafsi, mwenye jina, mipaka na ushahidi unaokubalika, tena ajue kwamba kuna tangazo. Muarabu au Mswahili wa mjini aliyekuwa na waraka wa kadhi aliweza. Mhindi mfanyabiashara aliyenunua kwa waraka aliweza. Mmijikenda aliyelima ardhi ya ukoo, ambayo haina mmiliki mmoja wa kuandikwa, alikuwa nje kabla ya kuanza. Dai la pamoja halikuwa na kisanduku chake kwenye fomu.

Kwa hiyo mnapozungumza juu ya mji uliokaa pamoja, mkumbuke kukaa pamoja kulikuwa na sakafu, na sisi ndio tuliokuwa chini ya sakafu hiyo. Mwaka 1908 ndio uliotengeneza skwota wa pwani. Na ile ahadi ya tano ya 1963, ya kutambua hati, ilizitambua hizo hizo. Kwa mwenye hati ilikuwa kinga. Kwa aliyeachwa nje ilikuwa mlango kufungwa mara ya pili.

#3 BinKibokoni

Nakubali, KayaRabai, na sitatafuta njia ya kuipindisha. Hati ni kinga kwa mmoja na kufuli kwa mwenziwe.

#4 Msajili_Mstaafu

Niongeze upande wa kiutendaji, maana watu hushika hati za zamani mkononi na hawajui kuzisoma.

Hati nyingi za pwani zilizotoka chini ya sheria ile zina namba inayoanza na CR, yaani rejista ya pwani. Chini yake utaona kitu kama hiki: namba ya kipande, kisha katika mabano namba ya asili, kisha sehemu. Sehemu huandikwa kwa namba za Kirumi pamoja na MN kwa bara ya kaskazini au MS kwa bara ya kusini, upande wa Likoni. VI/MN ni upande wa Changamwe.

Usiishie kwenye namba ya kipande. Fuata namba ya asili iliyo kwenye mabano, maana ndiyo inayokurudisha kwenye shamba lenyewe kabla halijakatwakatwa, na mara nyingi hadi kwenye dai la mwanzo. Watu wengi hukosea hapa. Hupekua kipande chao, wakaona mmiliki wa sasa, wakarudi nyumbani. Mgogoro uko ngazi tatu juu.

La pili: sheria ile ilitoa vyeti vya aina zaidi ya moja. Kuna cheti cha umiliki, na kuna cheti cha maslahi. Cheti cha maslahi kinaweza kumpa mtu nyumba au minazi iliyo juu ya ardhi bila kumpa ardhi. Pwani mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na sheria ya Kiingereza ilibidi ilikubali hilo. Mtu akikuonyesha cheti, soma kwanza kinasema amepewa nini.

La tatu: sheria yenyewe, iliyokuja kuwa Sura ya 282, ilifutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Kufutwa kwa sheria hakukuifuta haki iliyokwisha kusajiliwa.

#5 Majengo_Nyumba6

Hapo kwa Msajili ndipo penye maisha ya Mombasa yenyewe. Nyumba bila ardhi.

Kwa wasiojua: nyumba ya Kiswahili ya Majengo ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo. Zamani ilijengwa kwa boriti na fito, udongo na chokaa, makuti juu, baadaye mabati. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba ni yake, huiuza, hurithisha, hupangisha chumba chumba. Ardhi si yake.

Mpango huu ndio uliowaingiza wageni mjini bila ugomvi. Mjaluo aliyekuja kufanya kazi reli, Mkamba, Mtaita, Mdigo, Mngazija, wote walipanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili. Hakuhitaji kununua ardhi wala kuwa mwenyeji. Mji ulimeza watu kwa sababu ulitenganisha paa na ardhi.

Ubovu wake unaonekana siku mwenye ardhi anapouza. Mnunuzi mpya anataka kiwanja kitupu. Mwenye nyumba ana risiti za kodi ya ardhi tu, hana cheti cha maslahi, maana nyumba nyingi zilijengwa baada ya usajili kupita. Benki haimkopeshi. Mahakamani huonekana mpangaji. Kwa mliomo kwenye hali hiyo: wekeni kila risiti, hata ya shilingi mbili ya mwaka 1970. Mfululizo wa risiti ndio unaoonyesha kwamba mwenye ardhi alijua nyumba ipo na akaikubali.

#6 Gati_Namba5

Mnasahau Kilindini. Mnazungumza kana kwamba utaifa ulishuka kutoka Nairobi kwa treni. Utaifa wa Kenya ulipikwa gatini.

Kuli alikuwa kibarua. Neno lenyewe lina historia: barua ndogo, kile kikaratasi cha siku cha kuonyesha kwamba fulani amefanya kazi na alipwe. Kibarua hakuwa na ajira, alikuwa na siku. Meli ikija anaitwa, isipokuja anakaa. Kwa mwenye bandari ni rahisi kulipa, na kwa kuli ilikuwa na uhuru wake, maana aliweza kwenda shambani akarudi. Lakini mtu asiye na mwajiri mmoja ana jambo jingine: hatishwi kwa kufukuzwa.

Ndiyo maana mgomo wa Mombasa ukianza ulienea mji mzima. Uliotokea 13 Januari 1947 haukuwa wa makuli peke yao. Reli, hoteli, madobi, watumishi wa majumbani, wote walisimama. Ndani yake kikazaliwa chama cha African Workers Federation, kiongozi wake Chege Kibachia, aliyekamatwa Agosti mwaka huo na kupelekwa Baringo. Mwaka 1955 makuli waligoma tena, na Tom Mboya akaja kusuluhisha. Jina lake kitaifa lilikua hapo.

Serikali ilijibu kwa kusajili vibarua. Lazima ujiandikishe, ufike siku kadhaa kwa mwezi, la sivyo jina linafutwa. Waliokuwa wakienda na kurudi mashambani ndio waliotoka kwanza. Hivyo bandari ile ile iliyowakusanya watu wa kila kabila ndiyo iliyowafundisha kudai haki kwa jina la Waafrika wote, halafu ikawapangia nani abaki. Msiandike kwamba bandari na utaifa ni paka na panya. Hapa mmoja ni mama wa mwenziwe.

#7 BintiFaza

Gati_Namba5 amegusa penyewe. Sasa tuangalie kwa nini Mwambao, yaani harakati za kudai hadhi ya pekee ya ukanda, ulishindwa 1961, maana wengi husema walisalitiwa tu.

Sir James Robertson, kamishna wa kuchunguza suala la ukanda, alikuja kusikiliza watu pwani mwaka 1961, ripoti ikatoka Disemba. Mbele yake waliotaka Mwambao hawakusema kitu kimoja. Wapo waliotaka kurudi kwa Sultani. Wapo waliotaka nchi yao peke yake. Wapo waliotaka madaraka ya ndani tu, wakiwa Kenya. Tume ikisikia majibu matatu kwa swali moja, huandika la nne.

Pili, dai lao lilisimama juu ya mkataba wa 1895, yaani juu ya enzi ya Sultani. Kisheria lilikuwa na nguvu. Kisiasa ndilo lililowaangusha, maana Mmijikenda akiambiwa enzi ya Sultani husikia Liwali, husikia utumwa, husikia 1908. Sheikh Abdilahi Nassir na Coast People's Party walijaribu kuita watu wote wa pwani kwa jina la pwani, lakini Ronald Ngala alikuwa tayari na kitu ambacho Wamijikenda walikiamini zaidi: mpango wa serikali za majimbo wa chama cha KADU. Jimbo la Pwani lingekuwa na Taita na Tana ndani yake, pana kuliko maili kumi, na halikumhitaji Sultani.

Tatu ni bandari. Robertson aliona kwamba ukanda bila bara hauna chakula cha kutosha wala mapato, na Kenya na Uganda bila Kilindini hazina mlango. Akapendekeza mkataba wa 1895 ufutwe na ukanda uunganishwe kabla ya uhuru, kwa dhamana za dini na ardhi.

Nne, majimbo nayo hayakudumu. KADU ilijivunja Novemba 1964, na Kenya ilipokuwa jamhuri mwezi uliofuata majimbo yalikuwa yamekwisha nguvu. Watu wa pwani walikataa dhamana moja wakapokea nyingine, na ya pili ikaisha ndani ya mwaka mmoja na nusu. Hilo linaniuma hadi leo, kwa Mswahili na kwa Mgiriama sawasawa.

#8 Ng'ambo_Unguja

Naongeza kutoka upande wa pili wa maji. Ahadi tano za 1963 zilikuwa barua kati ya mawaziri wakuu wawili. Mkataba wa namna hiyo una nguvu ikiwa kila upande upo wa kuuliza, "Vipi ile ahadi?"

Zanzibar ilipata uhuru 10 Disemba 1963, Kenya 12 Disemba. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Shamte ilipinduliwa. Tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Aliyekuwa na haki ya kuuliza hakuwapo tena baada ya mwezi mmoja, na serikali mpya haikuwa na sababu ya kutetea barua iliyotiwa saini na serikali iliyopinduliwa.

Kilichobaki hai ni kile kilichotolewa kwenye barua kikatiwa ndani ya katiba. Mahakama za kadhi ziliingia katiba ya uhuru, zikawa kifungu cha 66, na leo ni ibara ya 170 ya katiba ya 2010: ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale pande zote ni Waislamu na zimekubali mahakama hiyo. Tena Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967 ilizitoa pwani zikaenea Kenya nzima. Ahadi ya maofisa wa utawala Waislamu haikupata kifungu, na haina pa kushikiwa.

#9 Msomaji_wa_Bandari

Kwa kulinganisha, mjue Mombasa ilipona mengi.

Thessaloniki ilikuwa bandari ya Waturuki, Wagiriki na Wayahudi, na Wayahudi walikuwa wengi hata bandari ikawa inapumzika Jumamosi. Wagiriki waliuchukua mji 1912. Moto wa 1917 uliteketeza mitaa ya katikati. 1923 wakabadilishana watu na Uturuki kwa dini, Waislamu wakaondoka. 1924 sheria ikalazimisha mapumziko yawe Jumapili. 1943 Wajerumani wakawapeleka Wayahudi wake Auschwitz. Miaka 31, na mji ni mwingine.

Alexandria haikuwa na kubadilishana watu. Wageni walikaa kwa mahakama zao maalumu hadi 1949, wakaondoka kwa wingi baada ya vita vya Suez vya 1956, mali zao zikitaifishwa. Na Mmisri wa kawaida hakuwalilia, kwa sababu zile zile za KayaRabai: haki zao zilikuwa juu ya kichwa chake.

Tazameni lile la Jumamosi. Hakuna aliyefukuzwa kwa sheria ya mapumziko, lakini kuli Myahudi alipaswa kuchagua kati ya dini na mshahara.

#10 Kitambulisho_Swali

Leo hii tabaka lililobaki ni kitambulisho. Kijana wa bara hupeleka cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, akapita. Kijana wa Mji wa Kale mwenye jina la Kiarabu au Kibaluchi, au wa Vanga mwenye ndugu Tanga, mara nyingi aliitwa mbele ya kamati na kuulizwa karatasi za babu. Bandari ni mahali ambapo babu wa mtu alishuka jahazini, na hilo likageuka kosa.

Wamakonde waliletwa kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa, wakaishi Kwale vizazi bila uraia. Oktoba 2016 walitembea hadi Nairobi, na vitambulisho vikaanza kutolewa mwaka 2017. Wapemba wa Kilifi na Kwale walitambuliwa 2023.

Kwa mwenye kushughulikia jambo hili sasa: anza na karatasi ya zamani kuliko zote uliyonayo, hata kama si ya serikali. Cheti cha ndoa cha kadhi, daftari la madrasa, risiti ya kodi ya ardhi kama alivyosema Majengo_Nyumba6. Linganisha tahajia ya majina kabla hujapeleka. Mohamed kwenye karatasi moja na Muhammad kwenye nyingine hurudisha faili nyuma. Kama zinatofautiana, apa kiapo kwanza kwamba ni mtu mmoja, ukiambatanishe.

#11 Mvita_Lahaja

Kwa ufupi tu. Mkutano uliochagua lahaja ya Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, 1928. Ikachaguliwa Kiunguja. Mji wa mshairi Muyaka ukaambiwa ndia ni njia, mato ni macho, ndoo ni njoo. Taifa limechukua lugha ya bandari, na mtoto wa Mombasa akaanza kukosolewa shuleni kwa lugha ya mamake.

#12 Mwanafunzi_TUM

Shukrani kwa darasa hili. Swali langu: ahadi za 1963 zilisema nini juu ya bandari na mapato yake? Nauliza kwa sababu ya SGR, reli mpya. Kontena zililazimishwa kupanda reli hadi Nairobi, maduka ya mizigo ya Changamwe na Miritini yakafunga, watu wakaandamana 2019, amri ikaondolewa 2022. Je, mji una haki yoyote iliyoandikwa?

#13 BinKibokoni

Katika ahadi tano bandari haimo. Wakati ule Kilindini iliendeshwa na Reli na Bandari za Afrika Mashariki, chombo cha nchi tatu. 1969 ikawa shirika la bandari lenye makao Dar es Salaam. Jumuiya ilipovunjika 1977, Kenya ikaunda mamlaka yake, ikaanza kazi 1978. Muda wote huo hakuna karatasi iliyoupa mji fungu.

Lakini fungua Jedwali la Nne la katiba ya 2010, Sehemu ya Pili, namba 5. Kazi za kaunti zimetajwa, na mwisho kabisa kuna vivuko na bandari, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kimataifa na wa kitaifa. Neno bandari limo upande wa kaunti. Mabishano yote yako kwenye ule udhibiti: je, kupakua kontena na kuamua lipande lori au reli ni udhibiti wa meli, au ni kazi ya bandari? Ukiandika tasnifu yako, anzia hapo, na uisome pamoja na Sehemu ya Kwanza ya jedwali hilo hilo, mahali usafiri wa majini ulipowekwa kwa serikali kuu.

#14 KayaRabai

Na ukifika kwenye sura ya ardhi ya bandari yenyewe, mwanangu, usianze na mamlaka ya 1978. Tafuta namba ya asili iliyo kwenye mabano.